Kuna Mtu Alikipeleka Nairobi? Kuielewa Maktaba ya Taifa Ukiwa Kisumu

Asubuhi moja ya mvua mjini Kisumu nilikuwa nyuma ya mzee mmoja kwenye kaunta ya maktaba. Alikuwa amening'iniza koti la suti begani, mwavuli wake ukichuruzika maji sakafuni, na alikuwa amekuja kutafuta kitabu kimoja tu. Kilikuwa kijitabu cha historia ya ukoo wao kwa Kidholuo, chenye jalada la kijani na pini mbili za stepla mgongoni, kilichochapishwa mjini humo humo miaka ya themanini. Mwandishi wake alikuwa yeye mwenyewe. Nakala yake ya mwisho aliiazima mtu kwenye harambee na haikurudi.

Mkutubi alitafuta kwenye kompyuta, akaenda kwenye rafu, akarudi mikono mitupu. Mzee hakupandisha sauti. "Nyathina," alisema, yaani mwanangu, "hapo nje pameandikwa maktaba ya taifa. Mimi ni mtu wa taifa hili, na kitabu kilichapwa hatua chache kutoka hapa. Kitakosaje humu?"

"Pole, mzee wangu," mkutubi akamjibu. "Kilipotoka, kuna mtu alikipeleka Nairobi?"

Mzee akamtazama tu.

Swali lile halijanitoka. Nimegundua kwamba wengi wetu huku Nyanza, Magharibi na Nakuru tungeduwaa vivyo hivyo. Tunasoma jina kwenye bango tukidhani tunajua linasema nini, kumbe limebeba kazi mbili zisizofanana, na kazi moja kati ya hizo hufanyika mbali na pale tulipoketi tukisoma.

Kazi ya kwanza ni ile tuliyokulia ndani yake. Ni meza ndefu zinazojaa watahiniwa wa KCSE kuanzia Agosti, gazeti la jana lililoshikwa na fimbo ya mbao, chumba cha watoto chenye viti vifupi, kadi ya uanachama inayokuruhusu kwenda na vitabu nyumbani. Hiyo ni maktaba ya umma. Inapimwa kwa watu wanaoingia na vitabu vinavyotoka. Kitabu kikichakaa kwa kusomwa, maktaba ya aina hii imefanya kazi yake, na mkutubi atakiondoa rafuni bila majuto.

Kazi ya pili wachache wameiona. Ni kukusanya nakala ya kila kinachochapishwa nchini, kiwe kizuri au kibaya, kwa Kiingereza, Kiswahili, Kidholuo, Kibukusu au Ekegusii, kukiandika kwenye orodha moja, kisha kukitunza kwa ajili ya watu ambao bado hawajazaliwa. Nakala hizo haziazimwi. Kuchakaa kwake ni hasara kamili. Kazi hii haihitaji matawi kila mji. Inahitaji mahali pamoja penye paa lisilovuja, hewa isiyo na unyevu, na watu wanaojua kuorodhesha. Wasomi wanapotamka "maktaba ya taifa", hii ndiyo wanayoimaanisha.

Katika nchi nyingi kazi hizi mbili zina wenyewe tofauti. British Library ya Uingereza, iliyoanza kazi mwaka wa 1973, si mahali pa kwenda kuazima kitabu cha hadithi. Kwa hilo mkazi wa mji huenda kwenye maktaba inayoendeshwa na baraza la eneo lake. Sisi Kenya tulizifunga pamoja. Sheria ya Bunge ya mwaka wa 1965 ilianzisha shirika moja, Kenya National Library Service, ambalo wengi tunaliita KNLS, na baada ya muda shirika hilo hilo likawa ndilo linalofungua vyumba vya kusomea mikoani na ndilo linalotunza kumbukumbu ya machapisho ya nchi. Kwa hiyo mzee alisoma bango sawasawa, na mkutubi aliuliza swali sawasawa.

Kuna nyumba ya tatu ambayo watu huichanganya na hizi mbili, nayo ni Idara ya Nyaraka za Kitaifa, ile iliyo kwenye jengo la zamani la benki pale Moi Avenue, Nairobi. Nayo ilipewa sheria yake mwaka huo huo wa 1965, na ina vituo Kisumu, Nakuru na Kakamega. Mimi huzitofautisha hivi: kilichoandikwa ili kitumike ofisini, kama barua ya DC, kumbukumbu za baraza au jalada la kesi ya mpaka wa shamba, kitafute kwenye nyaraka. Kilichochapishwa ili kisambazwe kwa watu, kitafute maktaba. Anayefuatilia mgogoro wa ardhi wa mwaka wa 1952 kule Vihiga atapoteza siku nzima akianzia maktaba.

Jinsi tulivyofika hapa

Ukirudi nyuma hadi enzi za ukoloni, maktaba ilikuwa mali ya wachache. Maktaba ya McMillan ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, iliwafungia mlango Waafrika na Wahindi hadi mwaka wa 1958. Nje ya Nairobi, mlowezi wa Nakuru alisoma kwenye klabu yake. Mwafrika aliyetaka kusoma alitegemea misheni, na misheni za huku kwetu zilikuwa na vitabu, na nyingine mitambo ya kuvichapa pia: Wafrenzi, yaani wamisionari wa Quaker, waliofika Kaimosi mwaka wa 1902 walikuwa na mtambo wao, na mafundi waliofunzwa kwenye mitambo ya namna hiyo walisaidia kusambaza ufundi wa uchapaji vijijini.

Mabadiliko yalikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka wa 1948 East African Literature Bureau ilianza kazi, ikitoa vitabu kwa lugha za Waafrika, na pamoja na hayo ikaanzisha kitu ambacho nakipenda sana katika historia hii: masanduku ya vitabu. Sanduku lilipelekwa kwenye shule au ukumbi wa jamii, watu wakasoma yaliyomo, kisha likabadilishwa na jingine. Aliyeishi mbali na vituo hivyo aliweza kutumiwa kitabu kwa posta na kukirudisha kwa njia hiyo hiyo. Fikiria mwalimu wa shule ya msingi huko Ugenya akisubiri gari la barua kwa ajili ya kitabu!

Mwaka wa 1960 mtaalamu wa Bureau, Sydney Hockey, aliziandikia serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika ripoti akipendekeza kila nchi iunde bodi ya maktaba kwa sheria. Tanganyika ilifanya hivyo mwaka wa 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Huduma za Bureau humu nchini zikaingia mikononi mwa bodi mpya, na mpango ukawa kupeleka maktaba kila mkoa: Kisumu kwa ajili ya Nyanza, Kakamega kwa Magharibi, Nakuru kwa Bonde la Ufa. Kutoka hapo matawi yakaongezeka hadi yakapita 60, mengine madogo ya vijijini kama ya Ukwala na Rambula kule Siaya, na mwaka wa 1996 vitabu vikapandishwa hata migongoni mwa ngamia huko Garissa.

Ninachokiona katika mfululizo huo ni kwamba mkazo wote ulikuwa kuwapelekea watu vitabu. Nchi ilikuwa imetoka kunyimwa, na ilikuwa sahihi kabisa kuanza hapo. Lakini kukusanya na kutunza kulikuja nyuma sana. Bibliografia ya taifa, yaani orodha rasmi ya vilivyochapishwa Kenya kila mwaka, toleo lake la kwanza lilihusu machapisho ya mwaka wa 1980. Hesabu mwenyewe: tangu uhuru hadi hapo ni miaka 17 bila daftari la taifa. Mwaka wa 1967 Bethwell Ogot wa Gem na Gideon Were walitoa historia zao za Waluo na za Abaluhya kupitia East African Publishing House ya Nairobi, na kazi hizo hazikuweza kupotea kwa kuwa mchapishaji alikuwa mkubwa na vyuo vilizinunua. Je, kijitabu kilichotoka mwaka huo huo kwenye mtambo wa mtu binafsi nyuma ya soko la Jubilee?

Sheria inayotaka nakala

Hapa ndipo penye moyo wa jambo lenyewe. Maktaba ya taifa haiwezi kununua kila kitu. Haina hata njia ya kujua kila kitu kimetoka lini. Ndiyo maana tangu mwaka wa 1537, mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa alipoamuru kila mchapishaji apeleke nakala kwenye maktaba yake, dunia imetegemea sheria moja: anayechapisha ndiye anayeleta.

Yetu imo katika Sheria ya Vitabu na Magazeti ya mwaka wa 1960. Inamtaka mchapishaji awasilishe nakala kwa Msajili, ofisa wa serikali anayeandikisha vitabu na magazeti, ndani ya siku 14, kwa gharama yake. Mpango wa kuipa maktaba ya taifa nakala zake ulijengwa baadaye. Tazama mwaka huo wa 1960 vizuri. Hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau ilikuwa imeondolewa Januari ya mwaka huo huo, na serikali ya kikoloni ilikuwa bado na hofu ya maandishi. Ilitaka kujua nani anachapa nini. Ukiisoma sheria hiyo unahisi jicho la askari kuliko mkono wa mkutubi, na harufu hiyo haijaisha: mwaka wa 2002 ilirekebishwa, dhamana ambayo mchapishaji wa gazeti hutakiwa kuweka ikapandishwa kutoka shilingi 10,000 hadi shilingi milioni moja. Sasa mweleze mchapaji mdogo wa Bondo au Bungoma kwamba sheria yenye meno kama hayo ndiyo pia inayotaka kijitabu chake kitunzwe milele. Ataona ni heri akae kimya. Naamini hii ni sababu kubwa ya machapisho ya huku kutofika Nairobi, kuliko uvivu au ubahili tunaowasingizia wachapishaji.

Njia ya pili ambayo maktaba hutumia ni ya upole zaidi, nayo imechapwa nyuma ya kitabu chochote cha shule kilicho nyumbani kwako. Kichukue ugeuze. Juu ya ile mistari nyeusi utaona namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, yenye tarakimu 13. Tatu za kwanza, 978, zinasema hiki ni kitabu. Nne zinazofuata, 9966, ni Kenya. Popote duniani ukikuta 978-9966, kitabu hicho kina mchapishaji aliyesajiliwa humu nchini. Vitabu vipya utavikuta pia na 9914, kundi jingine tulilopewa. Baada ya hapo inakuja namba ya mchapishaji, kisha ya kitabu chenyewe, na mwisho tarakimu moja ya kukagua. Hiyo ya mwisho hupatikana kwa kuzidisha tarakimu 12 za mwanzo kwa moja na tatu kwa zamu, kisha kujumlisha; tarakimu ya mwisho ndiyo inayofanya jumla igawanyike kwa kumi bila baki. Anza na 9789966: 9, 21, 8, 27, 9, 18, 6. Umeshafika 98. Karani akikosea tarakimu moja anapoandika, hesabu inakataa, na kosa linajulikana hapo hapo.

Namba hizo hutolewa na KNLS. Anayeiomba hujaza jina, mada na mwaka, na kwa kufanya hivyo kitabu kimejulikana kwamba kipo hata kabla hakijatoka kiwandani. Kijitabu cha kijani cha mzee hakikuwa na namba. Hakikuwa hata na mwaka kwenye kurasa zake. Kwa mtu wa orodha, kilikuwa kama mtoto aliyezaliwa nyumbani na hakuandikishwa.

Nitaje na jambo linalonikereketa. Tangu mwaka wa 1966 Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, ina ofisi Nairobi. Kazi yake ni kununua vitabu, magazeti na majarida ya Kenya na nchi nyingi za ukanda huu na kuvipeleka Washington, na imefanya kazi hiyo kwa uaminifu. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa chuo anayetafiti magazeti yetu ya zamani anaweza kulazimika kuomba msaada ng'ambo kwa jambo lililoandikwa Kisumu. Siwalaumu Wamarekani hata kidogo. Wao walinunua kilichokuwa sokoni. Ninachotaka ni nakala nyingine ibaki hapa.

Eneo lililoandika sana

Nyanza na Magharibi hazijawahi kukosa waandishi wala wachapishaji. Mwaka wa 1938 Paul Mboya, chifu kutoka Nyanza Kusini, alitoa kitabu kwa Kidholuo kuhusu mila na desturi za Waluo ambacho hadi leo wazee hukinukuu kwenye mashauri ya urithi na ndoa. Miaka ya arobaini kampuni ya Luo Thrift, iliyoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga, iliendesha Ramogi Press, na mitambo yake ikachapa magazeti kwa lugha kadhaa za Waafrika. Kisumu penyewe marehemu Asenath Bole Odaga aliandika hadithi kwa Kidholuo na Kiingereza na kuzichapisha kwa kampuni yake mwenyewe, Lake Publishers, na Anyange Press ya Grace Ogot na mumewe Bethwell nayo ikatoa vitabu hapo hapo mjini. Nyingi kati ya kazi hizi zilifanyika mbali na Nairobi, mara nyingi kwa pesa za mwandishi.

Na huku kwetu kuna aina ya kitabu ambayo sijaona ikizungumziwa: kijitabu cha mazishi. Kurasa nane hadi ishirini za karatasi inayong'aa, zimechapwa usiku kwenye saiba karibu na mochari, zenye picha ya marehemu, nasaba yake hadi babu wa nne, shule alizosoma, kazi alizofanya, wake, watoto na wakwe na vijiji vyao. Kinagawiwa siku moja, na kesho yake kinafungiwa mandazi. Mwanahistoria wa miaka mia ijayo angelipa pesa nyingi kupata vijitabu elfu moja vya aina hii kutoka Kakamega au Homa Bay. Sisemi kila familia ikimbilie KNLS wakati wa msiba. Nasema maktaba ya kaunti ingeweza kuweka kasha mlangoni na kusema: ukibaki na nakala, tuachie moja.

Karatasi yenyewe nayo ina adui zake. Karatasi ya gazeti imesagwa kutoka mti mzima, ikipata jua inageuka rangi ya chai na kuvunjika ukiikunja. Kisumu ina unyevu wa ziwa na mchwa. Nakuru ina vumbi laini linaloingia hata kabati lililofungwa. Pini za stepla zikishika kutu hula ukurasa kuanzia mgongoni. Kuhifadhi kitabu katika hali hii kunahitaji sanduku lisilo na asidi, chumba kikavu na mtu wa kukagua. Sanduku la bati chini ya kitanda halitoshi, hata likiwa na dawa ya nondo.

Sasa ni ya nani?

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliziorodhesha maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, katika kifungu kimoja na makumbusho, sinema na viwanja vya michezo. Kaunti zilipoanza mwaka wa 2013, swali likazuka: KNLS ni ya nani? Matawi ni ya gavana au ya Nairobi? Wafanyakazi walipwe na nani? Makabidhiano yamechukua miaka mingi, na katikati ya mvutano huo kuna vyumba vya kusomea vilivyokaa bila vitabu vipya kwa sababu kila upande uliona ni jukumu la mwenzake.

Ukikumbuka zile kazi mbili, fundo hili linafunguka. Chumba cha kusomea ni cha kaunti, na inafaa kiwe hivyo. Kisumu inajua watoto wa Manyatta na Nyalenda wanahitaji nini kuliko ofisi yoyote ya Upper Hill, Nairobi. Lakini kaunti 47 haziwezi kuwa na bibliografia 47 za taifa wala ofisi 47 za kutoa ISBN. Kazi hiyo lazima ibaki pamoja, na lazima ipewe bajeti yake hata kama haimpi mwanasiasa utepe wa kukata. Majirani zetu ng'ambo ya Busia walilipitia hili mapema: Uganda ilipogatua maktaba za umma kwa serikali za mitaa, iliivunja bodi ya zamani na kuunda Maktaba ya Taifa ya Uganda kwa sheria ya mwaka wa 2003, yenye kazi ya kukusanya na kutunza.

Kwetu, hatari ninayoiona ni ya uzi kukatika katikati. Mkutubi wa Kisumu aliyeajiriwa na KNLS alikuwa na sababu ya kumwambia mwandishi wa mtaani kwamba nakala zipelekwe makao makuu. Akiwa mfanyakazi wa kaunti, nani atamtuma? Ningependa kila maktaba ya kaunti huku Magharibi, Nyanza na Nakuru ipokee machapisho ya eneo lake, ibaki na nakala moja kwenye rafu ya mambo ya hapa, na iipeleke nyingine Nairobi. Basi la usiku lipo kila siku.

Mzee alinipa namba yake siku ile kwa sababu nilimwambia ninaandika. Baada ya kama miezi miwili alinipigia kutoka Ugunja. Alikuwa amezunguka kwa ndugu na jamaa na kupata nakala tatu: moja kwenye kasha la shemeji yake mjane, moja kwa katibu wa kanisa, ya tatu ikiwa imeliwa pembe na mchwa. Tuliketi kwenye hoteli moja karibu na steji, akaandika kwa mkono kwenye karatasi tofauti jina lake, jina la mchapaji, na mwaka, ambao ilibidi aukumbuke kwa kuhesabu kutoka mwaka aliozaliwa kitinda mimba wake. Nakala mbili nzima tulizitia kwenye bahasha ya kaki, tukaipeleka ofisi ya vifurushi ya basi, akasubiri hadi risiti ikapigwa muhuri.

Ile iliyoliwa pembe alirudi nayo nyumbani. Ukurasa wa 31, ambao mchwa hawakuufikia, una jina la mama yake.